Ugiriki ya Novemba Si Ugiriki ya Agosti Iliyopunguzwa Bei

Tangu Januari 2025, mgeni anayelala katika nyumba ya kupangishwa kwa muda mfupi nchini Ugiriki hulipa tozo ya tabianchi ya euro 8 kwa usiku kuanzia Aprili hadi Oktoba, na euro 2 tu kuanzia Novemba hadi Machi. Hoteli ya nyota tano hutoza euro 15 msimu ukipamba moto na euro 4 msimu ukizima. Julai mwaka huohuo ikaja tozo ya abiria wa meli za kitalii: anayeshuka Santorini au Mykonos kati ya Juni na Septemba analipiwa euro 20, wa majira ya baridi euro 4. Changanya hayo na hotuba za viongozi wa Athens kuhusu utalii wa miezi 12, na ujumbe unaowafikia wasafiri ni mmoja: nenda wakati wa baridi, utakuta kijiji kilekile na bahari ileile, bila foleni, kwa robo ya gharama. Ujumbe huo una kosa la msingi. Kijiji cha pwani ya Ugiriki nje ya msimu hakijalala kikisubiri wageni. Kiko kwenye shughuli nyingine, na utulivu wake ni wa watu walio kazini. Atakayeufaidi ni yule aliyekichagua kwa kutazama kinachokiweka hai Januari, si kwa kutazama picha zake za Agosti. Na serikali inayotaka kurefusha msimu ingepaswa kuanzia hapohapo, kabla haijaharibu kitu inachotaka kukiuza.

Sababu za Athens kulisukuma jambo hili zinaeleweka. Nchi yenye watu milioni 10 na ushei ilipokea wageni zaidi ya milioni 40 mwaka 2024, abiria wa meli za kitalii wakiwemo, na wengi wao walibanana ndani ya miezi michache ya joto, kwenye visiwa vichache na fukwe chache. Majira hayo ya joto nayo yamebadilika tabia. Julai 2023 moto wa msituni kisiwani Rhodes uliwaondoa watu wapatao 19,000 kwenye hoteli na nyumba zao. Majira ya joto ya 2024 yalikuwa makali kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa nchini humo, na Juni ya mwaka huo watalii kadhaa walikufa visiwani wakitembea kwa miguu juani. Akropolis imelazimika kufungwa saa za mchana zaidi ya mara moja kwa sababu ya joto. Kwenye funguvisiwa la Cyclades maji ya bomba katika visiwa kadhaa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo. Kuwahamishia baadhi ya wageni kwenye Novemba na Machi ni wazo lenye akili, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na jinsi linavyoelezwa.

Tazama tozo yenyewe ya hoteli. Punguzo kubwa kabisa, kutoka euro 15 hadi 4, limewekwa kwenye hoteli za nyota tano, na katika vijiji vingi vya pwani hoteli za namna hiyo zinafungwa kati ya Oktoba na Aprili. Ni punguzo la kitanda kisichotandikwa. Hoteli ya vyumba 20 ikifunguliwa kwa wageni watatu inahitaji bado mtu wa mapokezi, mpishi, wa usafi, bima za wafanyakazi na joto kwenye korido; hesabu haikubali. Ndiyo maana kuna kalenda isiyoandikwa ambayo kila mwenyeji anaijua. Msimu unazimika kati ya tarehe 26 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Dimitrio, na 28 Oktoba, sikukuu ya taifa. Miavuli ya ufukweni inang'olewa, viti vinapandanishwa na kufungwa kamba, maturubai ya plastiki yanashushwa kuzunguka taverna, yaani migahawa ya kienyeji, na wahudumu wanarudi makwao kuanza kupokea posho ya wasio na kazi ambayo kwa wafanyakazi wa msimu hudumu takribani miezi mitatu. Taa zinawashwa tena Pasaka ya Kiorthodoksi ikikaribia, au Mei mosi ikiwa Pasaka imewahi. Aliyewahi kukaa Lamu mwezi Mei, hoteli za Shela zikiwa zimefungwa na mji wa kale ukiendelea na shughuli zake kama kawaida, atanielewa haraka: mahali panapofungwa na mahali panapoishi vinaweza kuwa jirani.

Tofauti hiyo, kati ya kijiji kinachofungwa na kijiji kinachoishi, ndiyo jambo la kwanza la kuchunguza, na hakuna tovuti ya kukodisha vyumba inayoionyesha. Pwani ya kusini ya kisiwa cha Krete inatoa mfano mzuri. Kijiji cha Loutro kinafikika kwa boti au kwa miguu tu, hakina barabara. Maisha yake yanategemea kwa sehemu kubwa watembeaji, na Bonde la Samaria linalowaleta pwani hiyo hufungwa kuanzia Novemba mosi hadi mwisho wa Aprili. Boti zikipungua na bahari ikichafuka, Loutro inabaki na watu wa kuhesabika. Magharibi zaidi kwenye pwani hiyohiyo kuna Paleochora, yenye barabara ya kilomita 75 hivi kutoka Chania, shule, na mashamba ya vitalu vya plastiki ambamo nyanya hukuzwa majira ya baridi. Wakulima wa vitalu hawaendi likizo Desemba. Wanahitaji duka la mbolea, mwokaji mikate, fundi magari na mahali pa kunywa kahawa saa kumi na mbili asubuhi. Mgeni anayefika Paleochora mwezi huo anakuta mji. Anayefika Loutro anakuta mandhari, na asipokuwa amebeba chakula chake atajuta siku ya pili.

Hali hiyohiyo inaonekana kwenye kipande kifupi zaidi cha pwani, rasi ya Mani upande wa mkoa wa Messenia, kusini mwa mji wa Kalamata, katika Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki bara. Barabara inapanda milima ya chini kisha inashuka Kardamyli, kilomita 35 hivi, inapita Stoupa na kufika Agios Nikolaos. Stoupa imekua kuzunguka fukwe zake za mchanga, na ufukwe hauna kazi Januari. Agios Nikolaos ina bandari ndogo ya wavuvi, na bandari ina kazi mwaka mzima. Ni kilomita chache tu kati yao, lakini anayetafuta mwezi wa utulivu angefanya vyema kulala karibu na nyavu kuliko karibu na mchanga. Kwa anayechunguza akiwa mbali, dalili ni hizi: kama kijiji kina shule ya msingi inayofundisha, kama ratiba ya majira ya baridi ya KTEL, mabasi ya mikoani, inakitaja siku za kazi, kama kuna kituo cha mafuta, kama picha za wageni za Desemba hadi Februari zinaonyesha watu wanaoongea Kigiriki mezani. Usimuulize mwenye nyumba iwapo kijiji kimetulia, maana atasema ndiyo. Muulize ni nyumba ngapi kwenye kichochoro chake zinawaka taa Februari, na duka la mikate linafungwa siku gani. Akisitasita kwenye swali la mikate, tafuta kwingine.

Sasa tuje kwenye hiyo kazi nyingine, kwa kuwa ndiyo inayowashangaza wageni wengi. Katika Messenia, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Januari, kila kitu ni zeituni. Aina inayotawala ni Koroneiki, tunda dogo lisilozidi ukucha kwa ukubwa lakini lenye mafuta mengi. Kilo tano hivi hutoa kilo moja ya mafuta. Nyavu hutandazwa chini ya miti, matawi yenye matunda hupigwa kwa fimbo za mashine zenye meno yanayotikisika, yale yaliyopogolewa hupitishwa kwenye mashine ya kupura, na matunda hujazwa kwenye magunia ya katani ya kilo 50 hivi. Kisha ni mbio za muda. Zeituni zikikaa kwenye gunia zinapata joto na kuanza kuchacha, asidi inapanda, na mafuta yakivuka asilimia 0.8 ya asidi hayaruhusiwi tena kuitwa mafuta ya daraja la juu kabisa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo kila mkulima anataka kukamua ndani ya siku moja, na mashine za kukamulia kijijini huunguruma hadi usiku wa manane. Mchana kuna msumeno, jenereta na pikapu zinazopanda vilima kwa gia ya kwanza. Jioni kuna moshi wa matawi yanayochomwa, kwa sababu kuchoma takataka za shamba kunakatazwa katika kipindi cha hatari ya moto, Mei mosi hadi Oktoba 31, na marufuku ikiisha kila mtu anawasha. Ongeza ujenzi: mafundi wanaozuiwa au kuombwa wasubiri wakati wa watalii hufanya kazi zao zote miezi hii, na lori la zege linaweza kusimama chini ya dirisha lako saa moja asubuhi.

Kwa hiyo anayetafuta ukimya wa studio ya kurekodi asije Novemba. Lakini anayeelewa anachokiona atapata kitu ambacho Agosti haiwezi kukitoa. Mashine nyingi za kukamulia hazimfukuzi mgeni anayesimama pembeni bila kuzuia njia, na mafuta mapya, ya kijani na yanayowasha koo, hutiwa juu ya mkate uliochomwa papo hapo. Ukitaka kununua, uliza bei ya kilo, maana huko mafuta hupimwa kwa kilo, na lita moja ina uzito wa gramu 915 hivi. Chombo cha bati cha lita tano kinasafiri salama kuliko chupa, ila hakiruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi ndani ya ndege. Mikono pia inahitajika. Uhaba wa vibarua wa mashambani ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 2022 serikali iliweka mikataba na Bangladesh na Misri ya kuleta wafanyakazi. Mgeni mwenye viza ya matembezi asijitose kwenye kazi ya malipo. Hilo ni kosa la kisheria hata kama mwenye shamba ni rafiki.

Jambo linaloharibu likizo nyingi zaidi kuliko mvua ni nyumba. Vyumba vya pwani vilijengwa kwa ajili ya joto: sakafu ya vigae au marumaru, dari ndefu, madirisha yasiyobana, kuta zisizo na kitu ndani. Nje mchana wa Januari pwani ya Messenia ni nyuzi 15 hivi, usiku 6, na jua likitoka unaweza kukaa nje na fulana. Ndani ya nyumba iliyofungwa tangu Oktoba ni suala jingine. Ukuta wa mawe wa sentimita 60 ukishapoa unachukua siku mbili au tatu kupata joto, na unyevu unajificha nyuma ya kabati na ndani ya magodoro. Mwombe mwenye nyumba awashe joto siku mbili kabla hujafika, na kama analalamika gharama, jitolee kulipa. Kisha uliza joto linatoka wapi. Hita ya umeme ya kilowati 2 ikiwaka saa 8 inakula yuniti 16. Kwa bei ya senti 20 kwa yuniti ni euro 3.20 kwa usiku, karibu euro 96 kwa mwezi, kwa chumba kimoja. Kiyoyozi cha kisasa kikiwekwa kwenye alama ya jua kinatoa joto hilohilo kwa theluthi moja hivi ya umeme, mradi mabawa yake yaelekezwe chini, la sivyo joto linabaki darini. Jiko la kuni ni zuri ikiwa kuni ni kavu na zimo kwenye bei. Tozo ya serikali inakuokolea euro 6 kwa usiku katika nyumba ya kupangishwa. Hita mbaya inaweza kuzirudisha zote.

Maji ya moto nayo yana kanuni zake. Juu ya paa karibu kila nyumba kuna tanki la sola, na siku ya jua maji yanachemka bure. Mawingu yakikaa siku mbili, tanki linakuwa baridi na mgeni anadhani limeharibika. Ndani ya sanduku la swichi za umeme kuna swichi ya tanki hilo. Iwashe dakika 30 hadi 40 kabla mtu mmoja hajaoga, kisha izime, maana kipashio chake ni kikubwa na mwenye nyumba ataona kwenye bili. Na karatasi za chooni zinatupwa kwenye ndoo pembeni, si ndani ya choo. Mabomba ni membamba, na fundi wa kuzibua Desemba yuko shambani akivuna.

Mwezi gani basi? Watu wengi hufikiri Aprili na Oktoba ni mapacha, kwa sababu joto la hewa linakaribiana. Bahari haikubaliani nao. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole, hivyo mwisho wa Oktoba bahari ya Peloponnese ya kusini bado ina nyuzi 22 au 23, Novemba 20 hivi, na inafikia ubaridi wake wa mwisho, 16, mwezi Februari na Machi. Aprili inapofika na maua yamejaa vilimani, bahari haijapita 17. Anayetaka kuogelea aende nusu ya pili ya Oktoba. Anayetaka kutembea na kuona maua aende Machi mwishoni. Upande nao una maana. Mvua hutoka magharibi, ikigonga milima ya Taygetos inamwaga upande wa Kalamata na kuacha kidogo upande wa mashariki wa Peloponnese, kwa hiyo Novemba na Desemba, ambayo ni miezi ya mvua nyingi, pwani ya mashariki ni kavu zaidi. Januari mara nyingi huleta siku kadhaa za utulivu na jua, ambazo Wagiriki wanaziita siku za mdiria, lakini hakuna anayeweza kuzipangia tiketi. Pasaka usiihesabu kama nje ya msimu hata kidogo: familia zinarudi vijijini kutoka Athens, bei zinapanda, vitanda vinaisha. Mwaka 2027 Pasaka ya Kiorthodoksi ni tarehe 2 Mei, kwa hiyo Machi na sehemu kubwa ya Aprili zitakuwa tulivu kuliko kawaida, isipokuwa wikendi ya Jumatatu Safi, siku ya kuanza Kwaresima, tarehe 15 Machi, watu wanaporusha tiara na wenyeji wa mji wa Galaxidi wanapotupiana unga wa rangi barabarani.

Kula ni rahisi kwa anayefuata ratiba ya wenyeji. Taverna iliyobaki wazi mara nyingi inapika Ijumaa hadi Jumapili tu, na siku nyingine unajipikia. Duka dogo hufungwa saa za alasiri na Jumapili yote, basi nunua Jumamosi asubuhi. Samaki si haba kama wageni wanavyodhani: meli za nyavu za kukokota huruhusiwa kufanya kazi kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Mei na kupumzishwa miezi ya joto, hivyo samaki wa Januari anaweza kuwa wa karibu kuliko yule wa Agosti. Mboga za porini huchumwa baada ya mvua za kwanza na kuliwa kwa limau na mafuta. Machungwa yanaanguka chini bila wa kuyaokota. Msomaji Mwislamu ajue kwamba Mani ina mapenzi na nyama ya nguruwe ya kufukizwa moshi, na nyama halali haipatikani vijijini. Kipindi cha Kwaresima ya Kiorthodoksi, wiki saba kabla ya Pasaka, kinamsaidia, kwa sababu mapishi yanahamia kwenye pweza, ngisi, dengu na maharage.

Usafiri ndio unaowaangusha walio na mipango mibana. Kalamata ina uwanja wa ndege, lakini ndege nyingi za kimataifa huutumia majira ya joto tu. Baridi ikifika unatua Athens na kupanda basi la KTEL, saa tatu hivi, kisha basi jingine la kijijini ambalo huenda likapita mara chache kwa siku na Jumapili lisipite. Anayechagua kisiwa ana hesabu nyingine. Mamlaka za bandari huzuia feri kuondoka upepo ukifikia kiwango cha 8 kwenye kipimo cha Beaufort, na boti za kasi huzuiwa mapema zaidi. Dhoruba moja ya Februari inaweza kufunga kisiwa kidogo siku mbili au tatu. Ondoka kisiwani siku mbili kabla ya ndege yako, na beba dawa za wiki moja ya ziada. Kwa mwenye kupenda matembezi: mawe ya njia za zamani za nyumbu yameng'arishwa na karne za kwato na yakilowa yanateleza vibaya, mabonde kama la Viros nyuma ya Kardamyli hayaingiwi mvua ikinyesha milimani, na kwa kuwa uwindaji unaendelea hadi mwisho wa Februari, vaa nguo ya rangi kali.

Turudi kwenye mjadala. Wanaotaka msimu urefushwe wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni mshahara: mfanyakazi anayelipwa miezi minane badala ya sita ana maisha bora kuliko anayesubiri posho. Ya pili ni mzigo: maji, taka na barabara vinavyolemewa Agosti vinakaa bure Februari. Wanaopinga wanasema ardhi na watu wanahitaji kupumua, na kwamba mwenye taverna aliyefanya kazi miezi sita bila siku ya mapumziko hana nguvu za kuongeza miwili. Hilo ni kweli kwa familia moja moja, lakini halitoshi kuwa sera, maana linafikiri kwamba wageni wa baridi lazima wahudumiwe na watu walewale, kwa mtindo uleule wa viti vya ufukweni. Leonidio, pwani ya mashariki ya Peloponnese, inaonyesha vinginevyo. Miamba yake mikubwa myekundu imewavuta wapanda miamba kutoka Ulaya nzima kuanzia Novemba hadi masika, wakati ambapo jiwe ni baridi na vidole vinashika. Hawahitaji bwawa la kuogelea. Wanahitaji chumba chenye joto, mkate wa asubuhi na mahali pa kula usiku, vitu ambavyo mji wa wakulima unavyo tayari.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba kijiji hufa baridi ikiingia na utalii ndio utakaokifufua. Inageuza sababu kuwa tiba. Vijiji vilivyo giza Januari kwa kawaida ni vile ambavyo nyumba zake zimekuwa vyumba vya wageni, mwenye nyumba akiishi Athens au ng'ambo. Angalia kinachompata mwalimu aliyepangiwa shule ya kisiwani. Mwaka wa shule unaanza Septemba na kuisha Juni. Mwenye nyumba anataka kumpangisha kuanzia Novemba hadi Aprili tu, kabla na baada ya hapo chumba kinalipa zaidi kwa usiku mmoja kuliko mwalimu anavyoweza kulipa kwa siku kadhaa. Nesi na askari wa bandari wana tatizo hilohilo. Sasa urefushe msimu kwa kuongeza Oktoba yote na Aprili yote, bila kugusa kitu kingine: dirisha la mwalimu linabana zaidi, anaomba uhamisho, shule inapungukiwa, familia yenye watoto wawili inahamia Kalamata au Chania, na duka la mikate linapoteza wateja wake wa Jumanne. Mamia ya shule ndogo zimeshasitishwa nchini humo kwa kukosa wanafunzi, na utalii si sababu pekee, lakini haisaidii kuongeza mbio kwenye mteremko huo.

Kwa msomaji aliyeko Nairobi, Muscat au Birmingham, hili lina matokeo ya moja kwa moja kwenye mfuko. Kwa anayehitaji viza ya Schengen, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari inatakiwa kufikia angalau euro 30,000, na ushahidi wa malazi unaombwa kabla hujajua kama nyumba ina joto. Basi weka nafasi inayoweza kufutwa, tena kwa mwenye nyumba aliyejibu swali la mikate, na ukae wiki mbili mahali pamoja badala ya siku tatu tatu katika visiwa vinne. Kodi ya mwezi mzima iliyokubaliwa moja kwa moja mara nyingi ni nafuu kuliko usiku kumi kwenye tovuti, ila umeme utaandikwa kando. Piga picha ya mita siku ya kufika. Na kama serikali ya Athens ina nia ya dhati na miezi 12, basi ishushe tozo hata kufuta kabisa kwa nyumba inayompangisha mwalimu au nesi kuanzia Septemba hadi Juni, na fedha za Agosti zilipie basi la Jumapili na zahanati ya Februari. Hoteli zitafunguka zenyewe pale zitakapoona mgeni wa baridi ana namna ya kufika na mahali pa kununua dawa.